Mita 46 nyuma ya Mambrui

Jumapili

Tulitoka Malindi saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tulivuke daraja la Sabaki kabla malori ya chumvi hayajajaa barabarani. Lori la mbele lilibeba rigi, mashine ya kuchimbia kisima, mlingoti wake umelazwa kama wa jahazi lililopandishwa ufukoni. La nyuma lilikuwa na rodi, yaani vyuma virefu vyenye uwazi vya kuchimbia, mabomba ya kesingi ya kuvika ndani ya shimo, magunia ya bentonaiti, unga wa mfinyanzi wa kukorogea matope, tangi la maji na sufuria za mpishi. Mimi nilikaa kwenye pikapu na Mwalimu, mwanajiolojia wetu. Kazi yangu ni moja: kupokea kila kinachotoka shimoni, kukipanga na kukiandika.

Mto ulikuwa umenywea kwa jua la kaskazi, lakini rangi ni ile ile ya chai ya maziwa. "Udongo huu umetoka bara," alisema Mwalimu. "Kule juu mto ni Athi, katikati ni Galana, hapa ni Sabaki." Juu kidogo ya hapo, Baricho, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto huu huu ndivyo vinavyoinywesha Malindi, na maji yake hufika hadi Mombasa. Bomba hilo halijafika kila mahali. Kijiji tunachokwenda kiko nyuma ya Mambrui, kilomita mbili na ushei kutoka baharini, na akina mama wake huamka saa tisa usiku kwenda kuchota.

Lori la rigi lilizama mchangani karibu sana na kiwanja. Vijana wa kijiji walitaka kulisukuma kwa nguvu. Fundi wetu mkuu, ambaye wote humwita Kapteni, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, aliwaomba makuti. Alifukua magurudumu manne kwa jembe, taratibu, akatandika makuti, akapunguza upepo kwenye matairi, na lori likatoka lenyewe. Ilichukua saa mbili. Sikumsikia akiinua sauti hata mara moja.

Kabla ya chai, mzee wa mtaa alitupeleka kuona kisima cha mashine kilichochimbwa miaka ya nyuma na kampuni nyingine. Mita 70. Siku maji yalipotoka watu walipiga vigelegele. Mwaka haukuisha, chai ya maziwa ikaanza kukatika jikoni, kisha mbuzi wakayakataa maji. Mpini wa pampu sasa umeliwa na kutu, ukiushika unabaki na magamba mkononi. Kwenye mdomo wa bomba palikuwa na ukoko mweupe. Niliugusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu.

"Nyinyi mtachimba mita ngapi?" mzee aliuliza.

Mwalimu alijibu kama ilivyo. Mkataba, ulioandikwa ofisini kabla hajaja kupima, unasema 80. Vipimo vyake vinasema tuwe waangalifu tukipita 35. Miezi miwili nyuma alipita hapa na vyuma vinne na betri, akipitisha umeme ardhini: mchanga wenye maji matamu huupinga umeme, wenye maji ya chumvi huuachia upite kirahisi. Alieleza yote hayo chini ya mwembe, kwa lugha nyepesi. Watu walisikia ile 80 tu.

Jumatatu

Asubuhi nzima hatukuchimba. Kapteni alikuwa akinyoosha mlingoti kwa pimamaji, upande huu, upande ule, akiweka mbao chini ya miguu ya rigi, akirudi kupima tena. Shimo likianza kupinda juu, alisema, chini litakuwa limekwenda kwa jirani, na kesingi haitashuka. Vijana walichimba mashimo mawili ya matope na mfereji wa kuyaunganisha. Matope ya bentonaiti ndiyo damu ya kazi hii. Pampu huyasukuma chini kupitia ndani ya rodi, yanatokea kwenye biti, kichwa cha kukatia kilicho chini kabisa, yanapanda nje ya rodi yakibeba mchanga uliokatwa, na papo hapo yanaziegemea kuta za shimo zisiporomoke. Mchanga wa pwani hausimami wenyewe.

Mnato wa matope hupimwa kwa faneli na saa. Maji matupu hupita kwenye faneli hiyo kwa sekunde 26. Sisi tunataka 40 hivi. Mimi ndiye niliyeshika saa. Kapteni hakungoja nimalize kuhesabu. Alichovya vidole viwili, akavisugua pamoja, akasema, "Ongeza gunia moja." Saa yangu ilisoma 34.

Aliniambia pia niuingize mtandio wangu ndani ya ovaroli na nivue pete. Mkono wake wa kushoto hauna ncha ya kidole cha shahada. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Tulianza saa nane mchana. Mita nne za mchanga mweupe wa upepo, kisha mchanga mwekundu.

Jumanne

Kwenye mita 11 matope yalipotea. Pampu inavuma, rodi inazunguka, lakini mferejini hakirudi kitu, na shimo la matope linashuka huku tunaliangalia. Tulikuwa tumefika kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo, na mwamba huo una matundu kama sifongo. Kapteni alipandisha rodi akatuma watoto wakalete makumbi. Nazi haikosekani Mambrui. Akina mama waliyachambua na kuyakatakata kwa panga, tukayamimina shimoni pamoja na matope mazito, na baada ya saa moja mfereji ukaanza kutiririka tena.

Mwalimu alikubali kwa sababu hapo bado tulikuwa juu ya maji. "Tukishafika kwenye mchanga wa maji, hata uzi mmoja wa makumbi haushuki," alisema. Kitu kinachooza ndani ya kisima huzaa harufu na vijidudu. Kapteni aliitikia kwa kichwa. Wawili hawa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na nimeona kwamba kila mmoja hungoja mwenzake amalize kusema.

Jumatano

Siku hii nitaikumbuka.

Utaratibu ni sampuli moja kila mita mbili. Nachota kwa ungo pale matope yanapotoka, nasuuza kidogo, nisisuuze sana maana tope laini likienda na maji nitaandika uongo, kisha natandaza kwenye ubao wenye vyumba vilivyochorwa kwa chaki. Naangalia rangi ikiwa mbichi. Nasugua chembe kati ya vidole. Mwalimu amenifundisha pia kuweka punje kidogo kati ya meno ya mbele: udongo wa mfinyanzi hulainika kama siagi, vumbi la mchanga hulia. Nje ya kazi hii mtu angeona nimechanganyikiwa, msichana anatafuna mchanga juani. Lakini baada ya siku tatu nilikuwa natofautisha mita 15 na mita 17 kwa meno.

Kutoka mita 19 mambo yalibadilika. Tope lilikatika, ukaja mchanga mnene, safi, wa mviringo, chembe kama mchele uliovunjika, na vipande vidogo vya matumbawe. Rodi ilianza kutikisika kwa mlio mwingine. Kapteni alikuwa ameweka kiganja juu ya kishikio akiusikiliza, naye alijua kabla ubao wangu haujajua. "Mchanga wa maji," alisema. Habari ilifika kijijini kabla ya adhuhuri.

Nilifurahi mno. Mpishi aliniita wali wa nazi na samaki wa kupaka umeiva, nikaenda, nikakaa, nikasimulia. Niliporudi tulikuwa mita 27. Sampuli ya 24 hadi 26 haikuchukuliwa na mtu.

Chumba kimoja kitupu katikati ya ubao uliojaa vizuri. Juu yake mchanga mnene, chini yake mchanga mnene. Nilichota kiganja kutoka chumba cha chini nikaweka pale. Hakuna aliyeniona. Nilikaa na jambo lile labda dakika kumi, kisha nikaenda kwa Mwalimu nikamwambia.

Hakunikemea. Alikuja, akaufagia ule mchanga kwa kiganja, akanipa kalamu. "Andika: haikuchukuliwa." Kisha akachuchumaa kando yangu. "Watu wakija kutandika machujio, yale mabomba yenye matundu ya kuingizia maji, watakuuliza mita 25 kuna nini. Ukiwaambia hujui, wataangalia mwendo wa biti, wataangalia vipimo vyangu, watatafuta njia. Ukiwaambia mchanga mnene, hawatatafuta tena." Kapteni alikuwa ameandika dakika za kila mita kwenye daftari lake lenye mafuta, na kwa daftari hilo tuliona biti haikubadilisha mwendo kati ya 24 na 26. Hilo ndilo tuliloliandika pembeni. Lakini kile chumba kwenye ubao kilibaki kitupu mpaka mwisho, na kila aliyepita aliona.

Usiku sikulala vizuri.

Alhamisi

Mita 33, udongo wa mfinyanzi wa kijivu cha samawati. Mzito, unanata kwenye biti kama ulimbo. Mita tatu za huo zilitula saa tano.

Shimo la mchanga haliachwi peke yake. Lazima matope yazunguke, hivyo tulikesha kwa zamu, na wanaosali walisali kwa zamu, wawili wawili, mkeka ukiwa nyuma ya kompresa. Usiku Kapteni alinisimulia kwamba kwao Pate, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafuta mafuta walikuja kuchimba, na yeye akiwa mtoto alikwenda kuutazama mlingoti ule kila siku mpaka akapigwa kwa kutofika chuoni. Alininyooshea kidole upande wa Ngomeni, ambako kuna majukwaa ya Waitaliano baharini. Kutoka kule ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Jukwaa mojawapo, Santa Rita, lilianza maisha yake kama jukwaa la kuchimbia mafuta. Kapteni analiongelea kwa mapenzi, kama mtu anavyomtaja mwenzake wa kazi aliyehamia kazi nyingine akafanikiwa.

Ijumaa

Tuliutoboa mfinyanzi tukatokea kwenye mchanga mwembamba wa kijivu wenye vipande vya kombe. Mita 38, 40, 42. Watu walikuwa wengi kiwanjani kwa sababu ni Ijumaa na hawakwenda shamba.

Kwenye mita 46 Kapteni alisimamisha mzunguko akachovya vidole. Mara hii hakuvisugua haraka. Aliyainua matope juani, yakadondoka kwa mabonge. Bentonaiti ikikutana na chumvi huganda, hujikunja vipande vipande kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Nilipima kwa faneli: sekunde 61, na asubuhi zilikuwa 41. Tulichuja maji kidogo kwenye kitambaa tukaweka kipima chumvi. Mwalimu alitazama namba, akamwonyesha Kapteni, na Kapteni akazima injini.

Ukimya ule ulimtoa mzee wa mtaa chini ya mwembe. Kwa nini mmesimama? Bado mita 34!

Mwalimu alieleza akiwa amesimama juani na ubao wa sampuli mbele yake. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga, kama tui zito linavyokaa juu likiachwa litulie, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kidogo. Wazungu wawili walilipigia hesabu jambo hili, Badon Ghyben wa Uholanzi mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hapa uwanja uko mita 14 juu ya bahari, na visima vya mkono vya jirani vinaonyesha maji yako mita 13 chini. Basi tuna mita moja tu. Mita 40 chini ya bahari, jumlisha 14, ni 54, na hiyo ni hesabu ya karatasi, kwa sababu mpaka wenyewe si mstari bali ni mchanganyiko unaoanza mapema. Sisi tumeugusa kwenye 46. Kile kisima cha mita 70 kilikuwa kinaivuta bahari tangu siku ya kwanza.

"Lakini mnalipwa kwa mita," alisema kijana mmoja, naye alisema kweli. Kila mita isiyochimbwa ni fedha ambayo kikosi hakiipati. Nilimwangalia Kapteni. Ana watoto wanne, mmoja yuko chuo.

"Tunalipwa kwa mita," alijibu. "Na kifuniko tumeshakitoboa." Alichukua bonge la ule mfinyanzi wa samawati kutoka kwenye ubao akampa mzee ashike. "Mungu aliweka hiki kati ya maji yenu na chumvi. Leo kabla ya magharibi lazima tukirudishe."

Mzee alilifinyanga lile bonge kwa muda mrefu. Akasema Wachina wakitafuta chumvi wangefurahi hapa. Sijui alilisoma wapi, lakini ni kweli Wachina walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1835, huko Zigong, walifikisha kisima cha maji ya chumvi zaidi ya mita 1,000 kwa mianzi na nguvu za wanyama. Basi watu wakacheka, na baada ya hapo tukasikilizana.

Tuliziba kutoka mita 46 hadi 35, mfinyanzi kwanza, kisha saruji. Kapteni alishusha saruji kwa bomba hadi chini kabisa, hakuimwaga kutoka juu, kwa sababu ikimwagwa huchujwa njiani na kufika imekuwa mchanga. Tulimaliza kwa taa za lori.

Jumamosi

Saruji inaganda, kikosi kinafua nguo. Mwalimu alinichukua hadi kwenye bonde la Marafa.

Wagiriama huliita bonde lile Nyari. Ardhi imekatika ghafla, na kuta zake zimejichonga minara, mweupe chini, waridi, chungwa, nyekundu juu. Wazee wanasimulia familia ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe zao mpaka Mungu akawadidimiza: ile nyeupe ni maziwa, ile nyekundu ni damu. Mwalimu aliisikiliza hadithi yote kutoka kwa kijana anayetembeza wageni, akamlipa, akamshukuru. Kisha akanishusha chini, akaniambia niweke mkono ukutani. Mchanga, mvua na miaka, basi. Mvua za masika zinaendelea kulikata hata sasa. Nilitembeza kidole kutoka tabaka moja kwenda jingine na kwa mara ya kwanza niliona kile nilichokuwa nikikipokea kwa ungo kiganja baada ya kiganja, kikiwa kimesimama wima mbele yangu, kizima.

Niliumega ule mwekundu nikautia kati ya meno. Mwalimu alicheka.

Jumapili, Jumatatu

Kesingi ilishuka hadi mita 35 bila kugoma, na hapo niliielewa ile asubuhi ya pimamaji. Mabomba ya chujio kati ya mita 20 na 32. Changarawe ya mviringo pembeni, ikimiminwa kwa koleo, polepole, isining'inie njiani. Saruji juu, ili maji machafu ya uwanjani yasifuate bomba kushuka. Kisha kompresa: upepo unashushwa, maji yanarushwa juu yakiwa kahawia, saa baada ya saa, mpaka matope yote tuliyoyaingiza yametoka. Saa kumi jioni maji yalikuwa meupe. Vigelegele vilipigwa, lakini Kapteni alikuwa anatazama ndoo chini, kama kuna chembe za mchanga.

Jumanne hadi Jumatano alfajiri

Kupima kisima ni kazi ya kukesha. Pampu inavuta lita 2,000 kwa saa kwa saa 24 bila kusimama, na mtu anashusha utepe wenye kengele kuona maji yameshuka wapi: kila dakika mwanzoni, kisha kila tano, kila kumi, kila nusu saa. Yalitulia sentimita 17 chini ya pale yalipoanzia. Kidogo, lakini katika mchanga wa pwani kila sentimita unayoishusha juu inaialika chumvi ipande 40 kutoka chini, kwa umbo la kawa, ncha ikielekea kwenye pampu. Mara 17, ni karibu mita saba. Kutoka 46 inapanda hadi 39, na machujio yetu yanaishia 32. Tulijaribu lita 4,000 kwa muda mfupi. Mwalimu alitazama kipima chumvi akatikisa kichwa, tukarudi 2,000.

Lita 2,000 kwa saa, saa sita kwa siku, ni lita 12,000. Ndoo ya lita 20 kwa kila mtu, watu 600. Kijiji hakijafika 600.

Pampu ilizimwa, tukahesabu maji yakipanda kurudi. Adhana ya alfajiri ilinikuta na tochi mdomoni na utepe mkononi. Yalikuwa yamebakisha sentimita moja.

Sampuli zilikwenda maabara, na Mwalimu aliwaambia akina mama wachemshe kila kitu mpaka majibu yarudi. Mama mmoja alichemsha palepale, kwa mawe matatu, akatia majani, akatia maziwa. Tulisimama wote kuizunguka sufuria. Haikukatika.

Aliuliza itabaki hivyo? Kapteni alimjibu kwamba inategemea pampu watakayoifunga. Mtu atakuja siku moja na pampu kubwa, atawaambia maji yapo mengi, na kwa miezi michache atakuwa amesema kweli. Kisha alikwenda kwenye lori akarudi na kopo la rangi nyekundu iliyobaki ya kupaka rigi. Akapiga magoti kwenye saruji mbichi ya mdomo wa kisima, akaandika kwa brashi: LITA 2,000 KWA SAA. ISIZIDI.

Mama akasema herufi ni ndogo, bibi yake hataziona. Kapteni akaifuta kwa tambara, akaanza upya.